Ngoma Ikizimwa: Miaka Mitatu ya Lupa na Gitaa Chumbani

Nilipiga gitaa la rizimu, lile linaloshika mwendo wa wimbo, kwenye bendi ya kwaya kwa miaka tisa bila kujua kwamba nachelewa. Kila tulipobadilisha kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, vidole vyangu vya mkono wa kushoto vilikuwa vinafika nyuma kidogo ya wenzangu, na kwa kuwa mpiga dramu wetu alikuwa fundi na besi ilikuwa nzito, upungufu ule ulimezwa humo humo. Hakuna aliyenisema. Waumini waliimba, ibada ikaisha, tukafunga vyombo tukaenda nyumbani.

Aliyekuja kunisema ni pedali.

Kwa asiyekifahamu kifaa chenyewe: lupa ni aina ya pedali, kisanduku cha chuma kinachokaa sakafuni, upande mmoja unachomeka gitaa, upande wa pili spika. Ukikanyaga mara ya kwanza kinaanza kurekodi. Ukikanyaga tena kinarudia ulichopiga tangu mwanzo, na kitaendelea kurudia mpaka ukisimamishe. Ukikanyaga mara ya tatu unaongeza sauti nyingine juu ya ile ya kwanza. Lupa ndogo kama Ditto ya TC Electronic huishia hapo. Nyingine zimewekewa midundo ya ngoma ndani: kuna Boss RC-3, na RC-5 iliyoifuata mwaka 2020 ikiwa na midundo 57, kuna NUX Loop Core, kuna Zoom G1 Four, ambayo hasa ni pedali ya kubadilisha sauti ya gitaa lakini ndani ina lupa fupi pamoja na midundo 68. Hizi zenye ngoma ndizo ninazozizungumzia, maana ndizo zilizonifunza.

Yangu niliinunua mtumba, miaka mitatu iliyopita, baada ya kazi mpya kuninyima nafasi ya mazoezi ya kwaya siku za katikati ya wiki. Nilitaka kitu cha kunifanya nipige gitaa saa tatu usiku, peke yangu, katika chumba na sebule nilichopanga Tabata, Dar es Salaam, na bado nijisikie nina wenzangu.

Muuzaji alinipa pedali bila adapta. Nikachukua ya ruta ya intaneti, nikaona imeandikwa volti 9, kichomeo kinaingia sawasawa, nikawasha. Kimya. Nikadhani nimetapeliwa. Kumbe pedali nyingi za gitaa zinataka hasi iwe katikati ya kichomeo na chanya iwe nje, na ile adapta ya ruta ilikuwa kinyume chake. Kwenye adapta yenyewe na kwenye pedali kuna mchoro mdogo, nukta katikati ya duara lililokatwa, wenye alama ya kujumlisha upande mmoja na ya kutoa upande mwingine. Uangalie kabla ya kuchomeka, na ulinganishe pia namba ya miliampia, maana lupa hula umeme kuliko pedali ya kawaida ya sauti chafu, ile inayofanya gitaa lingurume. Yangu ilisalimika. Si zote zinazosalimika.

Halafu likaja suala la spika. Nina ampu ndogo ya gitaa, yaani kikuza sauti chenye spika yake, na siku ya kwanza nilipowasha ngoma kupitia ampu hiyo nilivunjika moyo: matoazi yalisikika kama mtu anafagia chumba cha pili, na ile ngoma kubwa ya mguu ilifanya spika itikisike bila kutoa mdundo wowote wa maana. Ngoma zilikuwa nzima, spika ndiyo haikuwa yake. Spika ya gitaa imetengenezwa kwa ajili ya gitaa, zile sauti nyembamba za juu kabisa inaziacha, na besi ya chini haiimudu. Nikachomeka kwenye sabufa ya sebuleni, ile ile tunayosikilizia redio, na ngoma zikawa ngoma. Gitaa nalo likakosa utamu kidogo, lakini kwa mazoezi hilo navumilia. Usiku natumia hedifoni za waya. Nasisitiza za waya, kwa sababu zile za bluetooth sauti inafika imechelewa kiasi cha kusikika kabisa. Unapiga uzi sasa, sikio linaupata baadaye, na mkono unaanza kutangulia ili kufidia. Nilipiga nazo wiki nzima na ilinichukua muda kuondoa uharibifu ule.

Sasa nirudi kwenye kuchelewa.

Kila anayeanza lupa hukutana kwanza na kosa la mguu. Chukua kasi ya mapigo 100 kwa dakika. Pigo moja ni sekunde 0.6. Ukipiga hesabu nne mara nane, mzunguko wako ni sekunde 19.2. Mguu ukichelewa hata sehemu ya kumi ya sekunde kufunga mzunguko, basi kila baada ya sekunde kumi na tisa na ushei muziki unachechemea. Ukisikiliza mara moja unaweza usione. Ukisikiliza mara ya kumi unashindwa kuvumilia. Sababu ni kwamba mtu anapiga kodi yake ya mwisho, anaona amemaliza, ndipo anakanyaga. Hapana. Mzunguko haufungwi ukimaliza, unafungwa ukianza upya: unakanyaga kwenye ile "moja" inayofuata, na mkono wako wa kulia uwe unaipiga hiyo "moja" pia, kana kwamba hujarekodi chochote na unaendelea tu na wimbo. Mguu na mkono vishuke pamoja. Nilifanya hivyo bila kodi yoyote, nyuzi nimezifunika kwa kiganja, chaka-chaka-chaka-chaka, nikakanyaga, nikasikiliza, nikafuta, nikarudia. Jioni nne ziliisha kwa zoezi hilo moja.

Ukiwasha ngoma za pedali, mambo yanabadilika, na hapa ndipo nilipodanganyika. Pedali yangu, kama nyingi za aina yake, ikiwa na ngoma inakurekebishia: ukikanyaga mapema kidogo au ukichelewa kidogo, yenyewe inakata mzunguko kwenye hesabu kamili. Nikaona nimefuzu. Wiki tatu nzima nikawa narekodi rizimu juu ya ngoma, mzunguko unafungika vizuri, napiga vipande vya solo juu yake hadi saa tano, nalala nimeridhika.

Asubuhi moja nilikuwa nakunywa chai kabla ya kwenda kazini, nikawasha kipande nilichokihifadhi usiku. Sikushika gitaa. Nilisikiliza tu, kikombe mkononi. Nikasikia ngoma zinatembea, na nyuma yake, hatua kwa hatua, mtu anayeburuta kandambili. Yule mtu ni mimi. Mwanzo wa mzunguko nilikuwa sawa, lakini kila nilipotoka kodi ya G kwenda ya C, hiyo mpya ilikuja imechelewa, na haikuja yote kwa pamoja: nyuzi za juu kwanza, za chini baadaye kidogo, kama watu wawili wanaogombania mlango. Pedali ilikuwa imenyoosha mwanzo na mwisho. Katikati iliniachia mwenyewe.

Nilikaa na jambo hili kwa miezi miwili, na naomba niliseme kwa kina kwa sababu naamini wapiga gitaa wengi wa nyumbani wanalo. Nilishusha kasi hadi mapigo 60, nikachagua mdundo mtupu kuliko yote, ngoma ya mguu na sneya, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, basi, nikawa natoka G kwenda C, C kwenda G, kwa dakika kumi. Niliangalia mkono wa kushoto badala ya kuangalia ukuta. Nikaona kidole cha pete ndicho kinachotua cha mwisho, na kinatua cha mwisho kwa sababu naondoa vidole vyote vitatu juu kabisa ya nyuzi, kila kimoja kinapaa kivyake, halafu vinatafuta makao. Na nikaona kwamba nilikuwa nashikilia kodi ya zamani hadi pigo la nne liishe lote, kwa hofu ya kuacha pengo. Hiyo hofu ndiyo iliyokuwa inanichelewesha. Mtu hawezi kukaa kwenye kodi moja mpaka mwisho wa sekunde na wakati huo huo awe ameshafika kwenye nyingine.

Dawa ilikuwa kuondoka mapema. Unahesabu moja-na, mbili-na, tatu-na, nne-na. Kwenye ile "na" ya mwisho mkono wa kushoto umeshaachia, mkono wa kulia unaendelea kupiga nyuzi zilizo wazi au zilizofunikwa, na kwenye "moja" vidole vyote vinatua kwa wakati mmoja. Lile pengo nililoliogopa miaka yote halisikiki kama kosa. Linasikika kama pumzi. Nilirekodi, nikazima, nikaenda kuoga, nikarudi kusikiliza nikiwa mtu mwingine. Hii ya kusikiliza baadaye, bila gitaa mkononi, naiona ndiyo matumizi bora ya lupa kuliko mengine yote. Ukiwa unapiga, sikio linamwonea huruma mwenye mkono.

Mtaa wa pili kutoka kwetu anaishi mzee aliyepiga rizimu kwenye bendi za dansi ujanani mwake. Mimi nimekua nikisikia Msondo na Sikinde redioni Jumapili jioni, baba akipiga pasi nguo za wiki, kwa hiyo mtu aliyewahi kukaa jukwaani na gitaa la dansi kwangu ni mtu wa heshima kubwa. Jumamosi moja alipita kumjulia hali mama mwenye nyumba, akasikia muziki, akaja akasimama mlangoni kwangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mko wangapi humo ndani?"

Nikamwonyesha pedali. Nikamkaribisha kiti. Nikamwekea rizimu niliyokuwa najivunia, na ngoma zake, nikapiga solo kidogo juu. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, mikono juu ya magoti. Nilipomaliza hakusema nimepiga vizuri wala vibaya. Aliniuliza:

"Hiyo ngoma ukiizima, unabaki na nini?"

Nikazungusha kitufe cha ngoma hadi sifuri, rizimu ikabaki peke yake. Kodi zilikuwa zinafika kwa wakati, hilo nilishalitibu. Lakini hazikuwa zinakwenda popote. Ilikuwa kama mtu aliyeegemea ukuta muda mrefu, ukuta ukaondolewa, naye hajui aweke wapi mikono. Uzito wote ulikuwa kwenye ngoma. Mimi nilikuwa nimepaka rangi tu juu yake.

"Rizimu ndiye mwenye nyumba," alisema. "Solo ni mgeni. Lete gitaa."

Nilitaka kumwashia ngoma, akakataa kwa mkono. Alisogeza kiti, akaweka ukingo wa kiganja karibu na daraja la gitaa ili nyuzi zisilie sana, akaanza kupiga nyuzi mbili. Noti tatu kwa jumla, nilizihesabu. Kisigino cha mguu wa kushoto kilikuwa kinagusa sakafu bila kelele. Pigo la kwanza lilikuwa zito kidogo, la pili jepesi, na kati ya la tatu na la nne palikuwa na kitu ambacho hakukipiga kabisa lakini ulikisikia. Baada ya mizunguko miwili mitatu akanitikisia kichwa, nikakanyaga kuanza. Akanitikisia tena kwenye "moja", nikakanyaga kufunga. Pedali yangu huwa inakokotoa kasi kutokana na urefu wa kilichorekodiwa, kwa hiyo nilipowasha ngoma baadaye zilikuja kwa kasi yake. Zilikaa juu ya ile rizimu kama kifuniko juu ya sufuria yake. Na nilipozizima tena, hakuna kilichoondoka. Ungeweza kucheza.

Kipande kile bado ninacho, kiko kwenye namba 1 ya kumbukumbu, na nimeapa sikifuti.

Alipoondoka nilifikiri sana juu ya swali lake, na lilinipeleka kwa wapiga gitaa wa zamani wa huku kwetu. Hawa walikuwa na kinachofanana na ngoma za pedali, ila kilikuwa mkononi mwa rafiki. Kwa George Mukabi na wenzake wa omutibo, mtindo wa gitaa wa magharibi mwa Kenya, gitaa kavu liliongozana na chupa ya Fanta: mtu anakwaruza na kugonga chupa, mwingine anapiga gitaa na kuimba. Kule Katanga, Kongo, Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi Jadotville (leo Likasi) mwaka 1952, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada, gumba likishika besi, shahada ikiimba juu, mtu mmoja akisikika wawili. Sisemi kwamba hao walihitaji lupa. Ninachosema ni kwamba mdundo wao ulikuwa ndani ya gumba. Chupa iliupamba.

Na hapo ndipo lilipozaliwa zoezi ambalo nimelifanya karibu kila siku tangu wakati huo.

Tatizo la ngoma za pedali ni kwamba hazichoki na hazikosei, kwa hiyo ukiziacha zipige muda wote unazitegemea. Kuzizima kwa mkono huku unapiga haiwezekani, mikono yote miwili ina kazi. Baadhi ya pedali zinakubali swichi ya pembeni ya kukanyaga kwa ajili ya ngoma, sikuwa nayo. Lakini yangu inaunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB na inapokea faili za sauti za WAV. Nikachukua chupa ya soda tupu na msumari wa inchi tatu, nikaiweka simu juu ya rafu inirekodi, nikapiga mdundo wa chupa kwa kasi ya mapigo 120, nikiwa nasikiliza metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, kwa sikio moja. Kwa kasi hiyo, hesabu nne mara nne ni sekunde 8 kamili, na namba hii nzuri ndiyo iliyonifanya niichague. Kwenye programu ya bure ya kukatia sauti nikakata kipande cha sekunde 8 barabara, halafu nikakiongezea sekunde 8 za ukimya mtupu. Nikakihamishia kwenye pedali.

Kwa hiyo ukikanyaga, chupa inagonga mizunguko minne ya hesabu nne, inanyamaza mizunguko minne, inarudi. Kazi yako ni kuendelea kupiga rizimu wakati imenyamaza, na chupa ikirudi mkutane.

Mara ya kwanza chupa ilirudi mimi nikiwa nimeshafika "mbili". Nikarudia, vilevile. Nikarudia mara tano, kila mara nimetangulia. Jambo hili lilinishangaza mno. Mimi ambaye mbele ya ngoma nachelewa, nikiachwa peke yangu nakimbia! Nilipolitafakari nikaliona kuwa ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili. Nikiwa na wenzangu nasubiri nisikie wao ndipo nipige, ndiyo maana nachelewa. Wakinyamaza nashikwa na wasiwasi wa ukimya, nakimbilia kuujaza. Kote kuwili sikuwa nahesabu mwenyewe.

Kilichosaidia ni kisigino, kama cha yule mzee. Kisigino badala ya vidole vya mguu, kwa sababu kisigino ni kizito na kina uvivu, hakikubali kuharakishwa. Na kuimba. Nilikuwa naimba ile "nne-na" kwa sauti. Baada ya wiki sita hivi nilikuwa nakutana na chupa mara nane kati ya kumi. Nikatengeneza faili nyingine yenye ukimya wa sekunde 16. Hiyo bado inanishinda baadhi ya siku, hasa nikitoka kazini nimechoka.

Katika kutengeneza faili hizi nilitatua jambo lingine lililokuwa likinikera. Midundo iliyomo kwenye hizi pedali imetoka kwingine: roki, bluzi, fanki, bosa nova, samba kidogo. Dansi yetu haimo. Chakacha haimo. Ukitaka sebene unaweza kupanga samba au bosa ukapandisha kasi, na kwa dakika mbili za mwanzo unafurahi, halafu unagundua sneya inatua mahali ambapo gitaa lako linataka pawe wazi. Kwa chakacha nilianza na mdundo wa hesabu sita, 6/8, uliomo, ambao kwa hakika ni wa nyimbo za taratibu za mapenzi za Kimarekani. Hesabu ni ile ile lakini mwendo si wake. Sasa nina benki yangu ndogo: chupa, kayamba niliyoazima kwaya, ndoo ya plastiki iliyopinduliwa na kupigwa kwa ncha za vidole. Hazina usafi wa studio. Lakini nikipiga juu ya kayamba ile, mkono wangu wa kulia unajua la kufanya bila kuulizwa.

Kuhusu kurundika magitaa nitasema kwa ufupi, ingawa ndicho kitu kinachowavutia watu kwenye video. Ukishaweka rizimu, unashawishika kuweka ya pili, ya tatu, ya nne, mpaka inakuwa uji. Bendi za dansi zilikuwa na rizimu, solo ya pili, solo, na besi, na hayakugongana kwa sababu kila gitaa lilijua shamba lake. Rizimu naiweka karibu na kichwa cha gitaa, freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) tatu za mwanzo. Solo ya pili naihamishia freti ya saba au ya tisa, noti chache zinazoingia pale rizimu inapopumua. Juu yake napiga solo bila kuirekodi. Besi naipata kwa pedali ya okteva, inayoshusha sauti ya gitaa, nikiwa na subira. Magitaa matatu basi. Pedali ya sauti chafu iweke kabla ya lupa, isiwe baada yake, la sivyo ukiikanyaga wakati wa solo inachafua kila ulichorekodi pamoja na ngoma. Na namna ya kusimamisha: pedali nyingi za kitufe kimoja zinataka ukanyage mara mbili harakaharaka, na ule mkanyago wa kwanza unaweza kufungua kurekodi kwa kitambo kidogo. Kwa hiyo funika nyuzi kwa kiganja kabla ya kusimamisha, usije ukaacha mkwaruzo utakaoukuta kesho.

Halafu kuna umeme. Jumamosi moja nilikuwa nimetumia saa nzima kujenga kipande chenye magitaa matatu, kila kitu kimekaa, naenda kupiga solo, umeme ukakatika. Sikuwa nimehifadhi. Kwenye pedali yangu kilichorekodiwa hakiingii kwenye kumbukumbu mpaka ubonyeze kuhifadhi, na giza lilikitwaa chote. Nilikaa pale na gitaa kwapani, nimenuna kwelikweli. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na la kufanya, nikaanza kupiga ile rizimu kavu gizani, kisigino kikigonga sakafu. Ilikuwepo. Nimekuwa mwepesi wa kubonyeza kuhifadhi tangu siku ile, lakini pia mara moja kwa wiki nafanya mazoezi bila kuwasha kitu.

Kwaya nimerudi, Jumapili tu. Mpiga dramu wetu alinitazama wiki ya kwanza kwenye wimbo wa kutoa sadaka, akapunguza mikono, akabaki na matoazi peke yake kwa ubeti mzima. Hakuwahi kufanya hivyo nikiwa napiga mimi.

Juzi Jumapili mchana nilikuwa chumbani na ile faili ya chupa, nane za sauti na nane za ukimya. Dirisha lilikuwa wazi. Nje, kwenye kivuli cha mwembe, jirani yangu alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi ya wali, na mkono wake ulikuwa umeshaingia kwenye mdundo wa chupa bila yeye kujua, krr-krr, krr-krr, kifuu kikizunguka kidogo kila baada ya mikuno minne. Chupa ikanyamaza. Nikaendelea na nyuzi zangu mbili, kisigino chini, sikukimbia. Nikahesabu mizunguko mitatu, minne, na nje ya dirisha mkono wa jirani ulikuwa bado unakwenda nami, krr-krr, krr-krr, mpaka chupa iliporudi ikatukuta.